Mke Mwenza Aliyeegeshwa Uani

Geti la nyumba ile lilifunguka nusu tu. Ukitaka kuingia ulivuta tumbo ndani, ukageuka ubavu, ukajipenyeza, maana nyuma ya geti palisimama lori kuukuu lenye pua ndefu, na lori halikuwa na mpango wa kumpisha mtu. Upande wa kulia lilikuwa limebana ukuta kiasi kwamba mlango wa dereva haukufunguka. Upande wa kushoto lilitazamana na dirisha la chumba cha Kitinda. Asubuhi akifungua pazia hakuona anga. Aliona mlango wa lori, rangi ya bluu iliyochubuka, na maneno ambayo baba yake aliyachora kwa mkono wake enzi za ujana: NILIPO SIPO.

Marehemu mama yao hakuliita lori. Aliliita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu huyo anarudi," angesema akisikia honi mwanzo wa mtaa. "Bandikeni maji ya kuoga, naona leo ameamua kuturudishia mume." Watu walicheka, na baba mwenyewe alicheka, vumbi la safari bado limemjaa kwenye nyusi. Pikipiki nyekundu iliyoitwa Panzi ndiyo ilikuwa mke mdogo. Baba aliibeba kila safari, imefungwa kamba nyuma ya bodi kama mbuzi wa mnada, ili lori likikwama popote, yeye asikwame nalo.

Mtaani walimwita Dereva, kana kwamba wengine wote walioshika usukani walikuwa wanajaribu tu. Alipita njia ambazo wenzake walizikataa. Alipeleka chumvi, sabuni na mabati kule ambako gari halijafika, akarudi na hadithi. Nyumbani alikaa siku chache, ya kwanza akiwa mgeni, ya pili mwenyeji, ya tatu ameshaanza kuzunguka uani akipiga tairi teke. Mama alijua kuisoma hiyo. Akiona tairi linapigwa teke alianza kukunja mashati.

Halafu sukari ikaingia mwilini, sukari ikaleta kidonda, na kidonda kikauchukua mguu wa kulia juu ya goti.

"Wamechukua mguu wa mafuta," alimwambia Kitinda pale hospitali. "Wameniachia wa klachi. Nitakuwa mtu wa kubadili gia bila kwenda popote."

Kitinda ndiye aliyekuwa kitindamimba, na jina likamganda. Alikuwa fundi cherehani, hana mume, hana mtoto, na kwa hesabu za ukoo mtu wa namna hiyo hana udhuru. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo, akasema atakaa mpaka baba azoee magongo. Baba aliyazoea magongo. Mfuko ukaoza vishikio. Baadaye cherehani nayo ikaja, ikawekwa mbele ya lile dirisha lisilo na mwanga, na wateja wakazoea kujipenyeza getini na vitambaa vyao kichwani. Alishona huku taa inawaka mchana.

*

Kaka Mkubwa alikuja kila baada ya miezi kadhaa kutoka jiji la mbali alikofanya kazi ofisi ya bima. Alikuja na mkewe, watoto, na simu ya kurekodi.

"Baba, tupe ile ya mto," alisema safari ile, akiegesha simu kwenye glasi. "Hawa hawajaisikia vizuri."

Baba alijiweka sawa kwenye kiti. Macho yake yalipata moto. "Basi, mto ulikuwa umekula daraja. Kichwa kipo, mkia upo, tumbo hakuna. Mimi nina magunia ya chumvi na mvua inanukia. Nikajiambia, Dereva, ukilala hapa chumvi itakuwa maji ya bahari. Nikashuka kando, pale ng'ombe wanaponywea. Nimefika katikati, lori likasema hapana. Likakaa chini kama mwali aliyesusa."

Watoto walicheka.

"Nikamshusha Panzi, nikamsukuma mpaka ng'ambo, nikampiga kiki, huyo! Nikamkuta mkulima ana trekta. Jeuri huyo. Akaniambia, siazimi trekta yangu kwa mtu ambaye hanishindi mbio. Kumbe naye ana pikipiki. Tukashindana mpaka kijiji cha pili. Nikamshinda, akafurahi, akachinja kuku, tukala. Jua linazama ndiyo narudi na trekta, na kuku mwingine wa zawadi yuko kwenye usukani wa Panzi, kichwa chini, anaangalia dunia kinyumenyume."

"Na lori lilibaki peke yake siku nzima?" mjukuu mmoja aliuliza.

"Peke yake. Nani aibe kitu kilichokaa mtoni kama kiboko?"

Kitinda alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alisubiri kicheko kiishe, akamimina vikombe kimoja kimoja, akarudi jikoni. Kaka Mkubwa alimfuata kuchukua sukari.

"Kaka, nina neno."

"Sema, mdogo wangu."

"Shoga yangu, yule tuliyejifunza naye ushonaji, amefungua karakana ya sare za shule. Si hapa, ni safari ya nusu siku. Anataka nikasimamie ukataji. Mafundi wote watakuwa chini yangu."

"Hongera. Jambo kubwa hilo."

"Anataka jibu mwisho wa mwezi."

"Mpe jibu, unangoja nini?"

"Na baba?"

Kaka Mkubwa aliufunika mkebe wa sukari, akaufunua tena. "Unajua nilivyo. Niko ghorofa ya nne, hakuna lifti. Na yule mzee ukimtoa kwenye lori lake umemng'oa na mizizi. Wewe unamjulia. Sisi wengine tungemuua kwa kutojua."

Wewe unamjulia. Kitinda alikuwa ameshalisikia hilo kutoka kwa shangazi, kutoka kwa majirani, hata kutoka kwa daktari. Kila aliyelisema alidhani anamsifu, na kila mara yeye alisikia komeo likisukumwa.

"Basi lori liuzwe," alisema. "Nipate japo mwanga wa kutungia sindano."

"Lile ni historia yetu, Kitinda."

"Historia inaziba dirisha langu, Kaka. Lako haizibi."

Kaka yake alicheka, akampiga begani. "Ulimi wa mama huo, mtupu." Jioni akajipenyeza getini, tumbo lake likikwaruza pua ya lori, akageuka kupunga mkono. Wakashika safari yao. Kitinda akaosha vikombe.

*

Kila alasiri jua likipungua makali, baba alitaka kupandishwa. Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Kitinda aliweka kreti ya soda chini ya mlango wa kushoto, baba akamshika shingo, akakanyaga kreti kwa mguu wake mmoja, Kitinda akaingiza bega chini ya makalio yake, akasukuma. Baba alijiburuta juu ya kiti mpaka nyuma ya usukani. Kisha Kitinda naye alipanda, akavuta mlango, akakaa upande wa abiria. Baba alikuwa anawasha injini ipige kidogo, "damu yake itembee," halafu anazima, anaishika gia, anatazama mbele kupitia kioo. Mbele palikuwa na geti. Yeye alikuwa anaona kingine.

Kioo chenyewe kilikuwa vipande viwili, na katikati uti wa chuma. Cha kushoto kilipopata ufa zamani, baba alizunguka nchi nzima na Panzi akitafuta mwenziwe, akakipata kwenye lori lililooza porini, akakibeba mgongoni amekiviringisha blanketi. Hiyo nayo ilikuwa hadithi.

Siku ile, wiki moja kabla ya mwezi kuisha, baba aligeuza ufunguo na lori halikujibu. Hata kukohoa halikukohoa.

"Betri," alisema. Akabonyeza honi. Kimya.

"Tushuke basi," Kitinda alisema. "Kesho nitamwomba Fundi Cheche aje kuichaji." Fundi Cheche alikuwa jirani yao wa kuchomelea vyuma, ukuta kwa ukuta.

Kitinda akashika kitasa cha ndani, akakivuta. Kikamfuata mkononi.

Alikitazama. "Baba, kitasa kimetoka."

"Kirudishe."

"Kimekatika kule ndani."

"Pitisha mkono, fungua kwa nje."

Dirisha la mlango ule halikuwa na kioo. Lilikuwa na nondo, alizochomelea Fundi Cheche baada ya wezi kuingia kuiba betri. Kitinda alipitisha mkono kati ya nondo, akakifikia kitasa cha nje. Kilicheza huku na huku bila kushika kitu. Upande wa baba dirisha lilikuwa wazi kabisa, likitazama matofali.

"Haya," baba alisema, akacheka. "Leo mke mwenza ametuweka ndani wote wawili. Mama yako angefurahi."

Waliita. Upande wa pili wa ukuta mashine ya kukatia chuma ilikuwa inalia, inanyamaza, inalia tena kabla sauti yao haijafika. Kitinda aliligonga bati la mlango kwa kile kitasa. Kule kwa Fundi Cheche, mlio wa bati ukigongwa haukuwa habari. Simu yake aliiona, iko juu ya cherehani ng'ambo ya dirisha la chumba chake, karibu kiasi cha kusoma jina lililotokea ilipowaka. Alikuwa yule shoga yake. Simu ilicheza juu ya kitambaa, ikajizungusha, ikazima.

Baba alikuwa ameacha kucheka.

Mwanzoni alifungua kifungo cha shati, halafu cha pili. Akajipepea kwa kofia. Akaulizia mashine ya Fundi Cheche itanyamaza saa ngapi, akaulizia tena. Kisha akauchukua ule mguu mmoja akausukumiza kwenye mlango wa upande wake, mlango ukagonga ukuta, akausukuma tena na tena, mpaka jasho likamtoka kidevuni. "Fungua," alisema, wala hakuwa anasema na Kitinda. "Fungua, fungua, fungua."

"Baba. Baba, nitazame."

"Hewa hakuna humu."

"Hewa ipo. Dirisha liko wazi."

"Nakwambia hakuna!" Mtu aliyevuka mito bila daraja alikuwa amejikunyata kama mtoto anayengoja sindano. Kitinda alimvuta, akamwegemeza begani kwake, akamsugua mgongo kwa kiganja kama alivyofanya mama kwa watoto wenye kikohozi. Polepole pumzi yake ikarudi kwenye mstari.

"Nilikuwa hivi tangu mdogo," baba alisema baadaye, bila kumtazama. "Chumba kikifungwa, kifua kinafungwa nacho. Hata ile nyumba. Mama yako alidhani namkimbia yeye. Nilikuwa nalala usiku wa tatu naona dari inashuka."

"Ulimwambia?"

"Utamwambiaje mtu jambo kama hilo? Mwanamume unaogopa dari?"

Mashine ikalia, ikanyamaza. Kitinda alikuwa amekaa na kitasa mapajani. Hakuwa amepanga kusema alichokisema. Kilikuja chenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya uzi.

"Siku ya mto nilikuwepo."

"Mto gani?"

"Wa chumvi. Nilikuwa humu. Kiti hiki."

Baba aligeuza kichwa. "Wewe? Wewe ulikuwa kwa mama yako. Safari ile nilikuwa peke yangu."

"Ilikuwa likizo, na ilikuwa zamu yangu. Kaka alienda iliyotangulia. Ulinivalisha sweta lako la kijani, mikono ikanifika magotini. Uliniachia mkate nusu na chai kwenye chupa, ukasema nisifungue mlango kwa mtu yeyote, na nisishuke, mto una mashimo. Ukaondoka na Panzi."

"Kitinda."

"Maji yalipanda yakafika kwenye ngazi hii hapa. Nikawa nayasikia chini ya miguu. Walikuja watu upande wa pili wakaniita, nikalala chini wasinione, kwa sababu ulisema nisimfungulie mtu. Choo nilijisaidia kwenye kile kikopo chako cha grisi. Halafu nikaanza kuhesabu vile vifungo vya kiti, nikimaliza naanza upya. Nilidhani nikiacha kuhesabu hutarudi."

Baba alikuwa anakitazama kiti. Midomo ilisogea. Alikuwa anatafuta, na Kitinda alimwona akitafuta, na akamwona hapati kitu. Trekta ilikuwepo mle kichwani, mkulima jeuri alikuwepo, kuku alikuwepo, na kichwa chake chini. Mtoto hakuwepo.

"Labda ilikuwa safari nyingine," alisema kwa sauti ndogo.

"Uliporudi uliufungua mlango, ukaniona, ukasema 'Kumbe.'"

"Nilisema kumbe?"

"Neno hilo moja. Ukanipa kuku nimshike."

Waliendelea kukaa. Nje kivuli cha ukuta kilikuwa kinapanda juu ya boneti, na simu kule chumbani ikawaka mara ya pili, ikajizungusha, ikazima. Kitinda akaona kwamba angeweza kukaa pale mpaka Fundi Cheche afunge kazi, amsikie, aje. Haikuwa mbali sana. Mtu angevumilia. Alikuwa hodari wa kuvumilia, kila mtu alisema hivyo.

Akainama chini ya kiti, akatoa spana ya magurudumu.

"Unafanya nini?"

"Navunja kioo."

"Usivunje." Baba alimshika mkono. "Kitinda, kioo hicho hakipo tena duniani. Tungoje. Mimi nimeshatulia, unaona? Nimetulia."

"Geuza uso, baba."

"Nakuomba. Mimi baba yako nakuomba."

Alimvisha kofia yake usoni, akapiga. Pigo la kwanza liliacha doa jeupe tu. La pili lilimwaga kioo chote cha kushoto juu ya boneti na mapajani mwao, kwa sauti ambayo hata mashine ya jirani haikuifunika. Alisafisha ukingo kwa spana, akatandika kitambaa cha kiti juu yake, akatoka kichwa kwanza, akajikata mkono, akasimama juu ya pua ya lori. Kutoka pale juu aliona mabati ya mtaa mzima, na barabara.

Akaruka chini. Hakwenda kwa Fundi Cheche. Aliingia ndani, chumbani kwake, akachukua simu, na damu ikachuruzika juu ya kitambaa cha mteja. Dirisha lilikuwa wazi. Baba alikuwa amejisogeza mpaka kwenye kiti cha abiria, uso wake uko nyuma ya nondo, hatua moja kutoka alipo yeye.

"Kitinda?" alimwita. "Mbona umeingia huko? Mwite Fundi."

Alimtazama baba yake huku simu inaita. Shoga yake akapokea.

"Nilikuwa mahali sikuweza kupokea," Kitinda alimwambia. "Jibu langu ni ndiyo. Nakuja. Jumatatu niko hapo, hata kama nitalala chini ya meza ya kukatia." Akasikiliza. "Hapana, hakuna tatizo. Mambo ya nyumbani yatapangwa."

Baba alisikia kila neno. Alizishika zile nondo kwa mikono miwili, na Kitinda hakuharakisha. Alifunga jeraha kwa kipande cha kitambaa, akakaza fundo kwa meno, akanywa maji. Ndipo akatoka kwenda kwa jirani.

Fundi Cheche alikuja na mtaimbo na malalamiko. "Mnagonga bati saa nzima, mimi najua mnatengeneza," alisema. Aliung'oa mlango na bawaba zake, akamshusha mzee mgongoni kama gunia la unga, akamweka juu ya kreti. Baba alipumua, akatazama vioo vilivyomwagika.

"Hiyo Jumatatu," alisema, "ni hii inayokuja?"

"Ni hii."

Aliokota kipande kimoja cha kioo, akakitazama kwenye mwanga, akakitupa.

*

Kaka Mkubwa alifika Jumamosi, peke yake, amekasirika. Aliona kioo kwanza.

"Umeliharibu. Unajua alikibeba mgongoni? Na sasa unaondoka, unatuachia mzee hewani. Uliona ni vigumu kiasi gani kutuambia mapema?"

"Nilikuambia jikoni. Ukaniambia nimpe jibu. Nimempa."

"Nani atakaa na baba?"

"Kaka, mimi sijui," Kitinda alisema. Alikuwa anakunja vitambaa vya wateja, kila kimoja na kipimo chake. "Kwa mara ya kwanza sijui, na nimelala vizuri."

Kaka yake alimgeukia baba. "Mzee, wewe sema neno. Mwambie."

Baba alikuwa mezani na kikombe chake. Alikizungusha. "Kioo kilikuwa changu," alisema. "Kimevunjika, yameisha. Huyu anakwenda. Na mimi usinizungumze kama mzigo wa chumvi, mlioukuta barabarani mnaulizana wa nani. Una nyumba. Nipeleke."

"Ngazi, baba."

"Utanibeba. Mimi nilikubeba."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kitinda alisafiri Jumapili. Baba akahamia ghorofa ya nne. Ile nyumba wakaingia wapangaji, wakaanika nguo zao kwenye bodi ya lori.

Karakana ilikuwa ukumbi mrefu wenye madirisha pande zote mbili. Wiki za mwanzo Kitinda alikuwa anakata vibaya kwa sababu ya mwanga mwingi, macho yalimuuma. Chumba alichopanga kilikuwa kidogo, na mlango wake ulifunguka wote. Akiwa usingizini alikuwa anasikia gongo likigonga sakafu, anaamka kwenda kupandisha mtu asiyekuwepo. Kisha akaanza kuzoea. Mafundi walimwogopa kidogo, wakamcheka kidogo, wakamsikiliza.

Alipopata mapumziko alikwenda kumtazama baba. Alifika asubuhi, akabisha, na sauti ya baba ikamjibu kutoka ndani: "Nani?"

"Mimi. Fungua."

"Siwezi. Wamefunga kwa nje."

Wifi yake hakuwa mtu mbaya. Wote walikwenda kazini na shule, na siku moja mzee alijaribu kushuka ngazi kwa makalio, akabingirika mpaka ghorofa ya tatu. Tangu hapo wakawa wanafunga, kwa usalama wake. Kitinda alikaa sakafuni upande wa nje wa mlango ule mpaka wifi yake aliporudi mchana na ufunguo. Waliongea kupitia tundu la kitasa, habari za karakana, za mvua, za bei ya vitambaa. Hakuna aliyetaja kifua wala dari. Baba alikuwa anapumua kwa nguvu, na Kitinda aliisikia kila pumzi.

Alasiri yeye, Kaka Mkubwa na kijana wa ghorofa ya chini walimkalisha mzee kwenye kiti na kumshusha mpaka barabarani. Akakaa pale anatazama magari hadi taa za mtaa zilipowaka, anayatambua kwa milio kabla hayajatokea. Alikuwa amekonda. Walipomwambia muda umefika, aliwapa mikono yake bila kubishana, na hilo lilimuumiza Kitinda kuliko kama angebishana.

Aligombana na kaka yake, kwa sauti ya chini, jikoni, wakakubaliana jambo moja: ufunguo wa akiba utakaa kwa jirani wa mlango unaotazamana nao, muuguzi mstaafu, ambaye atafungua mlango asubuhi na kuuacha wazi. Mzee hatashuka, lakini ataona korido. Ndicho kilichopatikana.

Kesho yake alipokuwa anafunga viatu, baba alimshika mkono, pale palipokuwa na kovu la kioo.

"Kaa hata wiki."

"Nina watu kumi wananingoja wakate, baba."

"Na mimi?"

Kitinda alifikiria cha kusema. Alikuwa na majibu mengi ya zamani, na mengine yalikuwa makali, na aliyaona yote yamechoka. Kama angekaa wiki, angekaa mwezi. Alijua hivyo kama anavyojua upana wa kitambaa kwa kukitazama. Mmoja wao angekuwa ndani, na alikuwa ameshachagua nani. Alimhurumia mpaka kwenye mifupa, na akamalizia kufunga kiatu cha pili.

"Nitakuja mwisho wa mwezi," alisema.

Baba alimwachia mkono. "Ukifika, piga simu."

Katika miaka yote ya safari zake, hakuwahi kuwapigia kuwaambia amefika. Hakukuwa na simu njia nyingi alizopita, na pale zilipokuwepo hakukumbuka. Kitinda aliitikia kwa kichwa, akashuka ngazi.

Alifika giza limeingia. Alipiga kabla hajavua mkoba. Simu iliita mara moja tu.

"Nimefika."

"Barabara?"

"Nzuri. Kuna sehemu wanatengeneza, tulisimama."

"Haya. Mlango umefunga?"

"Nimeuacha wazi kidogo, joto."

"Vizuri," baba alisema. Kitinda akangoja amalize, akamsikia anapumua, na nyuma yake televisheni ya Kaka Mkubwa ikisema na watu wengine. Hakukata. Baba naye hakukata.